Bonasi Isiyokatwa Kodi

Sipendi harufu ya kolonya ya limau. Nchi nzima inaipenda, mgeni akiingia anamiminiwa mikononi, aliyezimia anapakwa kwenye paji la uso, na mimi nikiisikia tu nageuza uso. Ni kwa sababu ya bahasha za Bwana Vehbi. Kila mwisho wa mwezi alizigawa mwenyewe, na mkono wake haukukaukiwa na kolonya, kwa hiyo fedha zetu zilikuja nyumbani zikinuka kinyozi.

Bwana Vehbi ndiye tajiri wa kiwanda cha taulo hapa Denizli. Mimi nashona pindo za taulo. Mume wangu Muharrem alikuwa fundi wa chumba cha rangi, kwenye mvuke na madawa, na akirudi nyumbani ungejua siku hiyo walipaka rangi gani kwa kumtazama kucha. Tuliingia kiwandani tukiwa wachumba na tukazeekea humo humo.

Zamani mshahara wetu wote ulipitia benki, na bonasi zilikuwa mbili kwa mwaka, za Idi zote mbili. Kodi ya mapato huku hupanda kadiri mwaka unavyosonga. Mwezi wa kwanza unakatwa kidogo, zabibu zikiiva umeshapanda ngazi, unakatwa zaidi, na bonasi ndiyo inayokusukuma upande haraka. Unapewa fedha ya Idi kwa mkono huu, mwezi unaofuata mshahara wako umenyauka. Wanaume walikuwa wakisoma karatasi ya mshahara na kutukana hata mbele yetu wanawake.

Aliyetukana kwa sauti kuliko wote ni Cevdet, mwakilishi wa wafanyakazi, mtu mwenye koo kubwa na masikio madogo.

"Bonasi ni zawadi, jamani," alisema siku moja tukiwa tunakula. "Tajiri kafurahi, kakupa. Serikali inaingiaje hapo? Mimi nikimnunulia mama yangu kilemba, natoa kodi?"

"Mama yako hakukesha kwenye cherehani ndipo apewe kilemba," nikamwambia. "Hili ni jasho letu. Liite jina lake."

"Dada Nazmiye anaitetea serikali. Mpeni bendera aipeperushe."

Wakacheka. Gülten, jirani yangu wa mashine, naye alicheka mpaka chai ikampalia. Sikuwa naitetea serikali. Nani anapenda kukatwa? Kwenye televisheni walikuwa wakigombana yale yale kila uchaguzi ukikaribia, huyu anasema bonasi ya mfanyakazi isiguswe na kodi, yule anasema basi mtatibiwa kwa fedha ya nani, na uchaguzi ukipita wote wanakwenda kulala. Kama bonasi itasamehewa kodi, mimi nilitaka isamehewe kwa sheria, mchana kweupe, kila mtu akiona. Lakini ukisema hivyo mbele ya watu wenye njaa unaonekana una maringo.

Siku chache baadaye Bwana Vehbi akashuka mwenyewe kwenye ukumbi wa chakula. Alikuwa akishuka mara chache, na kila aliposhuka alituita wanangu.

"Wanangu, serikali huko Ankara inajadili," alisema. "Tukiwasubiri hao tutakufa tunangoja. Mimi nawasamehe kodi leo hii."

Akatueleza. Kwenye vitabu atatuandika sote tunapata kima cha chini, ambacho kodi karibu haikigusi. Kilichobaki, yaani karibu nusu ya mshahara wa fundi kama Muharrem, atakiita bonasi na atakitoa taslimu mkononi, kila mwezi, bila kukatwa hata senti moja. Watu walipiga meza kwa furaha mpaka vijiko vikaruka.

"Na pensheni?" niliuliza. "Si inahesabiwa kwa kilichoandikwa?"

"Dada yangu, uzee uko mbali," alisema Bwana Vehbi, akacheka kwa upole, na ukumbi mzima ukacheka naye.

"Anayeafiki anyooshe mkono," alisema Cevdet.

Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa mume wangu, umegeuka samawati kwa rangi mpaka kwenye kiwiko. Alinigeukia akitabasamu, kana kwamba ameninunulia kitu.

Bahasha zilikuja, na siwezi kusema hazikuwa nono. Tulinunua friji kubwa. Gülten aliezeka upya nyumba ya mama yake. Cevdet akapata gari, ingawa kuna waliosema bahasha yake ilikuwa na bahasha nyingine ndani. Mtu akitaja kodi watu walikuwa wakicheka, wakisema kodi ni ya wajinga na ya walimu. Miaka ikaenda hivyo. Mimi nilikuwa nikifika nyumbani naziweka zile noti dirishani zipigwe upepo kwanza.

Kisha kifua cha Muharrem kikaharibika. Alianza kukohoa wakati wa baridi, majira ya joto yakafika bado anakohoa, na daktari akamwambia mvuke wa rangi basi. Umri na siku zake za kazi zilikuwa zimetosha, akastaafu. Tulikwenda ofisi ya pensheni tumevaa nguo za sikukuu. Msichana wa pale akabonyeza bonyeza, akatugeuzia kioo cha kompyuta ili tuone wenyewe.

Ilikuwa pensheni ya mtu anayefagia uani. Pango la nyumba lingemeza zaidi ya nusu yake, na dawa za kifua zingemaliza iliyobaki.

"Lazima wamekosea," alisema Muharrem tukiwa ngazini. "Mimi ni fundi mkuu."

"Hawajakosea. Kwenye vitabu wewe si fundi."

Hata kiinua mgongo alilipwa kwa hesabu hiyo hiyo. Tukaenda kwa Bwana Vehbi. Alitukaribisha vizuri, akaagiza chai, akamuuliza Muharrem habari za kifua, akampa jina la mganga anayetibu kwa asali. Muharrem alipomaliza kueleza shida yake, tajiri alitikisa kichwa kwa masikitiko, tena masikitiko yenyewe ya kweli, ndiyo maana yalinichefua.

"Fundi Muharrem, mimi nimekukinga na kodi miaka yote hii. Kila mwezi nimekutia mkononi. Ulikula, ulivaa, ulinunua friji. Leo unakuja kunidai mara ya pili?"

Muharrem aliona haya. Yeye ndiye aliyeona haya! Akanywa chai yake haraka, akashukuru, akanyanyuka. Mimi yangu sikuigusa.

Nilimburuta kwa wakili. Wakili alisema kesi ipo: mahakama ikikubali kwamba zile bahasha zilikuwa mshahara, tajiri atalipa michango ya pensheni yote aliyoificha na Muharrem atahesabiwa upya. Lakini bahasha haina risiti. Walitakiwa mashahidi, wawili angalau, waliokuwa wakipokea bahasha kama yeye na walioona anapokea.

Gülten alikubali kabla sijamaliza kusema. Cevdet alinishangaza, naye alikubali. Alikuja nyumbani kwetu, akala karanga zetu, akampiga Muharrem begani. "Kaka, mimi ndiye niliyesema watu wanyooshe mikono. Nitasimama mbele ya hakimu niseme." Usiku ule Muharrem alilala bila kukohoa sana. Mimi nami nilianza kuhesabu: pensheni ikirekebishwa, naacha kazi, tunahamia kijijini kwa mama yake, hewa safi, shamba la zabibu, kifua kitapona. Ndiyo yaliyokuwa matumaini yetu yote, hatukuwa na mengine.

Majira ya machipuo kura ya nafasi za hija ikachezeshwa, na jina la Bwana Vehbi likatoka.

Huku kwetu mtu haendi hija kimyakimya. Lazima azunguke kwa jirani, ndugu na waliomfanyia kazi, awaombe wamhalalishie. Alichokula chako, alichokudhulumu, alichokusengenya, unamsamehe kwa neno moja, halali yako, naye anaondoka mwepesi. Ni desturi nzuri. Nimewahalalishia watu wengi maishani, hata shemeji yangu. Bwana Vehbi hakuzunguka. Alituita sisi kwake, wote, wa kiwandani na waliostaafu, kwenye uwanja wa kiwanda.

"Hatuendi," nilimwambia Muharrem.

"Nikikataa mwaliko wa haji watasema nini? Nakwenda kula tu, mke wangu. Sisemi kitu."

Nikaenda naye, nimchunge.

Walichinja ndama. Walipika keshkek kwenye masufuria makubwa, lile bokoboko letu la ngano na nyama, wanaume wanalipondaponda kwa miti mirefu mpaka linavutika, kisha siagi iliyochanganywa pilipili nyekundu inamwagwa juu. Nilikuwa na njaa, lakini sahani yangu niliisukuma kando. Mbele yangu Cevdet alikuwa akila sahani ya pili, siagi inamtiririka kidevuni, anaifuta kwa taulo mpya. Maana kila mgeni alipewa taulo, imetariziwa Kaaba. Zile taulo tulizishona sisi, pindo zake nyingine ni zangu, na hatukulipwa muda wa ziada kwa sababu ilikuwa kazi ya thawabu.

Watu waliposhiba, imamu alisimama akasoma dua, akatugeukia.

"Ndugu yetu anakwenda kwenye nyumba ya Mungu. Mnamhalalishia haki zenu?"

"Halali yako," uwanja mzima ukaitika.

Akauliza mara ya pili, na ya tatu. Gülten alikuwa kando yangu. Mara ya kwanza alifunga mdomo, ya pili akautikisa, ya tatu nikamsikia kabisa. Nilimtazama, akainama kutafuta kiatu chake ambacho alikuwa amekivaa. Cevdet yeye alizipaza zote tatu, na koo lake mnalijua.

Muharrem hakuitika. Alikuwa ametazama sahani. Nilijivunia, Mungu anajua, nikamshika goti chini ya meza.

Bwana Vehbi alimwona. Akaja meza yetu polepole, na watu wakanyamaza wamtazame. Alikuwa analia. Alimnyanyua Muharrem kwa mabega.

"Fundi wangu. Rangi zote za nyumba hii zimetoka mikononi mwako. Nitasimama Arafa nikiwa na dhima yako shingoni? Mimi na wewe tuna kesi, sawa, dunia hii. Lakini mbele ya Mungu, nihalalishie."

Watu wote waliukodolea macho mdomo wa mume wangu. Mwanamke mmoja kwenye meza ya pembeni alikuwa ameanza kulia naye, hajui hata kisa chenyewe. Muharrem alinitazama, akamtazama imamu, akakohoa.

"Halali yako, bwana," alisema.

Uwanja ukapumua. Imamu akasema mashallah. Wakakumbatiana, na Muharrem machozi yakamtoka, na nadhani yalikuwa ya furaha, maana kwa mara ya kwanza tangu astaafu watu walikuwa wakimtazama kama mtu mkubwa.

"Yangu si halali yako," nikasema.

Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini palikuwa kimya.

"Aibu, dada," alinong'ona Gülten. "Kaa chini."

"Mimi ndiye ninayemuuguza. Mimi ndiye nitakayeshona mpaka nipofuke kwa sababu pensheni haitoshi. Hiyo haki yangu sijakupa, na hata ukifika Makka sijakupa."

Bwana Vehbi alifuta macho. Akanitazama bila chuki, kwa subira, vile anavyotazamwa mtoto mgonjwa. "Bibi, haki ilikuwa ya mumeo, naye kanisamehe. Mungu amlipe." Akachukua chupa ya kolonya kwa mtu aliyekuwa akiwamiminia wageni, akaninyooshea yeye mwenyewe. Nilirudisha mikono yangu nyuma. Akamiminia ya Muharrem, na Muharrem akaisugua, akajipaka shingoni.

Tukaondoka, tukarudi nyumbani.

Kesho yake nilikwenda kwa Cevdet. Hakunikaribisha ndani, alisimama mlangoni na soksi.

"Nimeshahalalisha, dada. Wote tumehalalisha, hata mwenye kesi. Nikashuhudie nini tena? Niape mbele ya hakimu kwamba kaniibia mtu niliyemsamehe jana?"

"Umesamehe haki yako. Ya Muharrem ulikuwa unaijua, ukashuhudie hiyo."

"Muharrem mwenyewe kasamehe. Unataka uwe mkali kuliko mwenye mali?" Akashusha sauti. "Na kwa siri, usiseme nimekuambia, hayo mashitaka yakifika mbali, wakaguzi watakuja, bahasha zitakwisha kwa wote. Umewafikiria wenzio?"

Gülten hakuhitaji kuulizwa. Binti yake alikuwa ameajiriwa kiwandani wiki ile, kwenye ofisi ya vipimo, kazi ya kukaa. Aliniambia hivyo huku akinikatia uzi, kisha akawasha mashine yake ili nisijibu.

Nikamwambia Muharrem bado tuna njia, wastaafu wengine wapo, tutawatafuta mmoja mmoja. Alikuwa amekaa kitandani na ile taulo ya Kaaba mapajani.

"Nafuta kesi," alisema.

"Unafuta nini?"

"Nimetoa neno mbele ya Mungu, Nazmiye. Nikimshitaki sasa mimi ndiye mwongo."

"Ulitoa neno mbele ya bokoboko. Alikushika mabega watu wakakutazama, ukalewa."

"Usikufuru."

"Nani anakufuru? Mtu anachota pensheni yako miaka yote, anakwenda kuomba Mungu kwa nauli hiyo, na wewe unamfungulia mlango. Naona kinyaa, Muharrem. Naona kinyaa kwa wote, na imamu pia."

Alikohoa kwa muda mrefu, nikampa maji. Wiki ile alikwenda kwa wakili peke yake, akatia saini, akarudi amenunua mkate.

Bwana Vehbi akarudi akiwa Haji Vehbi. Alileta tende na maji ya zamzam, akatugawia kiwandani kwenye vikombe vidogo vya plastiki. Halafu, watu wakiwa bado wanageukia kibla na kunywa, Cevdet akapanda kwenye kiti. Bei za vitu zilikuwa zimepanda, tulikuwa tumeomba nyongeza, na Haji alikuwa ameikubali kwa moyo mmoja. Nyongeza yote ingekuja kama bonasi, kwenye bahasha, haikatwi kitu. Watu wakapiga meza.

"Anayeafiki anyooshe mkono," alisema Cevdet.

Ikaenda juu mikono yote, na wa binti wa Gülten, msichana mwenye maisha yote mbele yake, na kucha safi.

"Na anayekataa?" niliuliza.

"Nani akatae, dada?"

"Mimi. Nataka yangu ipitie benki, iandikwe yote, na kodi nikatwe." Wakaanza kucheka, nikawangoja wamalize. "Nikatwe kabisa. Bonasi nikatwe, ya Idi nikatwe, kila kitu. Lakini kiandikwe."

Haji Vehbi hakucheka. Alisema kwa upole kwamba akimwandika mmoja wakaguzi watauliza kwa nini wengine hapana, na kwamba hawezi kuharibu riziki ya watu wengi kwa ukaidi wa mtu mmoja. Sikutaka ya mkononi? Basi nitapata kile kilichoandikwa tu. Nikamwambia sawa. Jioni alizigawa bahasha mwenyewe kama kawaida, akaiweka yangu mbele yangu juu ya mashine. Nikaiacha pale pale, nikavaa koti.

Nyumbani Muharrem alikuwa mbele ya televisheni, blanketi miguuni. Walikuwa wakigombana tena kuhusu bonasi, uchaguzi ulikuwa karibu. Mbunge mmoja mwenye masharubu alikuwa akisema kodi kwenye bonasi ni dhuluma kwa mnyonge.

"Anasema kweli huyu," alisema Muharrem bila kugeuka. "Waache mtu ale chake." Kisha akaniangalia mikono. "Bahasha iko wapi?"

"Nimeikataa. Nimemwambia kama haipiti benki siitaki."

Alizima sauti ya televisheni. Nilidhani ataelewa. Nilisimama pale na koti langu, nikamngoja aelewe, maana kama kuna mtu mmoja duniani aliyetakiwa kuelewa ni yeye.

"Yote?" alisema. "Hata hii yenye nyongeza?"

Nilimtazama vizuri, kifua chake kinapanda na kushuka, uso wake mwema ambao watu wote wanausifu. Kile kinyaa nilichokuwa nacho kwa Vehbi na Cevdet kilikuwa kimehamia hapa, kwenye kochi langu. Nikaenda jikoni nikampashia supu, nikamwekea na mkate kando. Halafu nikatoa godoro langu chumbani kwetu, nikalipeleka chumba walichokuwa wakilala watoto wetu kabla hawajahama, nikafunga mlango.